Mwenyekiti Aliyebaki Nje

Walikuwa watatu, na kati ya hao watatu Gachanja ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Hakupewa kiti kwa sababu ya maneno. Maneno yalikuwa ya Kang'ethe, karani wa duka la mbegu mjini Nakuru, ambaye angeweza kusimama mbele ya vibarua waliochoka na kuwafanya wasahau njaa. Wala hakupewa kwa sababu ya ushujaa, maana huo ulikuwa wa Nderitu, fundi cherehani wa Bondeni. Gachanja alikuwa seremala wa Njoro, mtu wa kusikiliza mpaka mwisho kabla ya kufungua mdomo, na wenzake walipomaliza kubishana walijikuta wakimgeukia yeye. Watu waliokula kiapo cha kudai ardhi katika mashamba ya wazungu, kuanzia Njoro mpaka Mau Narok, walikuwa maelfu. Waliomjua mwenyekiti wao kwa sura hawakujaa chumba.

Yeye na Nderitu walitoka mbali. Walikuwa vijana Olenguruone wakati serikali ilipowaambia watu wa huko kwamba mashamba waliyoyalima hayakuwa yao ila kwa masharti. Watu wakayakataa masharti. Mahindi yakang'olewa, nyumba zikatiwa moto, wazee wakapandishwa kwenye malori wakiimba. Huko ndiko wawili hao walikoapa, na huko ndiko Gachanja alikomwoa Wachuka, dada yake Nderitu, katika mwaka ambao watu hawakujua kama wangevuna walichopanda.

Mkutano wao wa mwisho wakiwa watatu ulikuwa Januari ya mwaka wa hamsini na tatu, mchana, nyuma ya kibanda cha Nderitu cha kushonea. Hali ya hatari ilikuwa imekwisha kutangazwa. Kila siku malori ya wanajeshi yalipanda kwenda Njoro na kurudi yamejaa watu. Nderitu aliendelea kukanyaga cherehani bila kitambaa, ili mlio wake ufunike sauti zao.

"Tukikamatwa sote siku moja, hii kazi imekufa," Kang'ethe akasema. "Mimi wananijua, nimesema sana. Watakuja kunichukua, na nitawangoja hapo hapo dukani. Nderitu aende msituni, vijana wanamhitaji. Lakini mmoja lazima abaki hapa mjini, awe mtu mwingine kabisa."

"Mtu gani?" Gachanja akauliza.

Walikuwa wanamtazama masikio. Masikio ya Nderitu na ya Kang'ethe yalitobolewa na kuvutwa utotoni, kama ya wenzao wengi, na askari walikuwa wamejifunza kumtambua Mkikuyu kwa hayo kabla hajasema neno. Ya Gachanja, mtoto wa mwalimu wa misheni, yalikuwa mazima.

"Kiongozi hajifichi watu wake wakipigwa," akasema.

"Hujifichi," Nderitu akamjibu, mguu wake ukiendelea na cherehani. "Mimi ndiye ninayekwenda kujificha. Wewe unabaki."

Walishikana mikono. Nderitu alimwomba kitu kimoja tu: kama mambo yatakuwa mabaya, asimwache mama yake mzee asikie habari kwa watu wa barabarani. Gachanja akaahidi. Aliporudi Njoro jioni ile alimwambia Wachuka kwamba anaondoka, na kwamba akiulizwa aseme mumewe amekwenda msituni na hajui zaidi. Binti yao, Njoki, alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kuunga maneno. Gachanja alimbeba mpaka akalala, akamlaza, akatoka.

Mtu aliyemkimbilia alikuwa Dalmas, Mjaluo wa karakana ya reli. Zamani Dalmas alifanya kazi stesheni ya Njoro, na mtoto wake wa kwanza alipokufa huko, mbali na kwao, Gachanja alichonga jeneza dogo bila kuulizwa, akalibeba mwenyewe mpaka kaburini. Sasa Dalmas alikuwa na chumba Bondeni pamoja na mkewe Akeyo. Alimsikiliza Gachanja mpaka mwisho.

"Fundi, mimi sijaapa kitu," akasema hatimaye. "Hayo mambo yenu siyajui na sitaki kuyajua. Lakini wewe nakujua."

Alikuwa na kipande, yaani cheti cha utambulisho, cha binamu yake Joash, aliyekufa kwa homa ya matumbo na kifo chake hakikuandikishwa popote. Wangesema Joash alilelewa Uganda, ndiyo maana Kijaluo chake kimeharibika. Reli ilikuwa inatafuta vibarua. Kila kitu kingewezekana, isipokuwa kimoja. Dalmas akafungua mdomo na kumwonyesha. Meno sita ya chini ya mbele hayakuwapo, yaliondolewa akiwa kijana, kama ilivyokuwa desturi ya kwao.

"Mtu wa rika letu akicheka tu, anajulikana," akasema kwa upole.

Kazi ya kuyang'oa meno ilifanywa na mlinzi mmoja mzee wa reli, aliyekuwa akiijua tangu kwao Nyanza. Aliifanya asubuhi, majirani wakiwa kazini. Dalmas alimshika Gachanja mabega. Akeyo aliketi mlangoni akipepeta mchele na kuimba nyimbo za kanisa kwa sauti kubwa, wimbo baada ya wimbo, na sauti yake ilitetemeka lakini haikukatika. Gachanja hakulia. Kilichomtisha ni baadaye, homa ilipokwisha na uvimbe ukapungua, alipojaribu kulitamka jina la mkewe akiwa peke yake chumbani. Jina lilitoka na upepo, kama limesemwa na mtu mwingine.

Tangu siku hiyo akawa Joash. Alifagia jukwaa la stesheni, alisukuma mikokoteni, alivaa kofia ya reli iliyomfunika nyusi. Alijifunza kuamkia kwa Kijaluo, kutania kwa Kijaluo, kukasirika kwa Kijaluo. Hakuoga na vibarua wenzake, kwa sababu Wajaluo hawatahiriwi na tohara yake ingemsaliti. Wakamcheka kwamba Joash ana aibu za kike, naye akakubali kuchekwa. Kang'ethe alikamatwa dukani kama alivyotabiri, akapelekwa kizuizini. Nderitu aliingia msitu wa Mau na vijana wake.

Mwezi wa tatu serikali ikaanza kuwarudisha Wakikuyu wote wa mashambani kwenye rizavu, ardhi iliyotengewa kabila lao, watu ambao wengi wao hawakuwahi hata kuiona hiyo rizavu. Walikusanywa Nakuru kwa malori na kutiwa kwenye mabehewa yaliyozibwa madirisha kwa waya. Siku hiyo jua lilikuwa kali na watoto walikuwa wanalia kutoka mwisho mmoja wa treni hadi mwingine. Askari mmoja alimwona Gachanja na ufagio wake.

"Wewe Mjaluo! Wape hao maji kabla hawajatuzimikia hapa."

Akachukua ndoo na kikombe cha bati, akaanza kupita dirisha kwa dirisha. Mikono ilitokeza penye nafasi, ikapokea, ikarudisha kikombe. Aliwatambua wengi. Mzee mmoja ambaye yeye mwenyewe alimwapisha alikunywa mkononi mwake bila kumtazama. Kisha akafika kwenye dirisha moja, akaona kwanza kitambaa cha kichwa, cha maua ya njano, halafu akamwona Wachuka, na Njoki mapajani mwake.

Wachuka aliutazama mkono ulioshika kikombe, mkono uliokuwa na kovu la msumeno kwenye kidole gumba. Akauinua uso taratibu. Akautazama mdomo uliobonyea, akayatazama macho. Hakushtuka. Alipokea kikombe, akampa mtoto.

Njoki alikunywa, akamtazama mtu yule juu ya ukingo wa kikombe, akasema, "Baba."

Askari alikuwa hatua chache tu nyuma. Wachuka akakivuta kichwa cha mtoto kifuani pake.

"Baba hayuko hapa," akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika. "Huyu ni Mjaluo wa reli. Mwambie asante."

"Asante, Mjaluo," mtoto akasema.

"Ber," Gachanja akajibu. Ndivyo Wajaluo wanavyosema jambo likiwa jema. Akapokea kikombe, akachota, akaenda dirisha lililofuata, na lililofuata hilo, mpaka ndoo ikaisha. Treni ilipoondoka alikuwa ameipa mgongo, anafagia.

Ilimbidi aendelee kuwa mwenyekiti. Watu wake walikuwa wamepakiwa na kupelekwa, lakini msituni walikuwepo waliomtegemea: dawa, chumvi, betri za tochi, na zaidi ya yote habari za wapi wanajeshi wanaelekea, ambazo mfagiaji wa stesheni huzisikia kuliko mtu yeyote. Kilichokosekana ni mtu wa kuzipeleka. Akeyo alikuwa akienda Mau Narok kununua viazi vya kuuza Bondeni. Hakuna aliyemzuia, Mjaluo na magunia yake. Siku moja, Gachanja akiwa amekaa tu akitazama ukuta, Akeyo alimwambia, "Shemeji, mimi nina mdomo na nina kikapu. Niambie niseme nini, nimwambie nani."

"Baba Achola hatakubali," Gachanja akasema. Achola alikuwa mtoto wao mchanga.

"Baba Achola ndiye aliyeniambia nikuulize. Yeye mwenyewe anaona haya, kwa sababu alisema hataki kujua."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda kwa miaka miwili. Akeyo alibeba maneno kichwani, akamwambia mama mmoja aliyefuga ng'ombe ukingoni mwa msitu, na mama huyo akampa Nderitu. Jibu lilirudi kwa njia hiyo hiyo. Wakati mwingine jibu lilikuwa na mzaha wa Nderitu ndani yake, na Akeyo, ambaye hakuwahi kumwona mtu huyo, aliurudia mzaha kwa sauti yake nzito, na Gachanja akacheka kwa mara ya kwanza katika majuma mengi. Lakini maamuzi hayakuwa na mtu wa kuyagawana. Zamani watatu hao walibishana mpaka jambo likajionyesha lenyewe. Sasa Gachanja alibishana na wenzake kichwani. Alijua Kang'ethe angesema nini, na Nderitu angemkatiza wapi. Shida ni kwamba wote wawili walikuwa wakimaliza kusema, na mwisho alibaki yeye tu.

Mwaka wa hamsini na tano wanajeshi waliuzunguka msitu upande wa Mau Narok. Mvua ilikuwa imechelewa. Akeyo alirudi na swali fupi: tukae, au tuhame?

Gachanja alifagia siku nzima akilifikiria. Wakikaa, njaa itawamaliza. Wakihama kuelekea magharibi, watapita penye uwazi, lakini ng'ambo yake ni Olenguruone, na huko Nderitu anajua kila kijito na kila pango. Stesheni hakusikia habari ya jeshi lolote kupelekwa upande huo.

"Mwambie wahame," akamwambia Akeyo. "Waende Olenguruone."

Jumapili moja, baada ya kanisa, Dalmas alikuwa na wageni, mafundi wenzake watatu wa karakana. Samaki alikuwa ametoka Kisumu kwa treni, ugali ulikuwa mwingi, na chumba kilikuwa kimejaa vicheko. Gachanja alikuwa amekaa karibu na kitanda, Achola akimpanda magotini. Akeyo akaingia na magunia yake. Lori lilikuwa limeharibika na kumlaza njiani.

"Mama Achola, habari za huko juu?" mgeni mmoja akauliza.

Akeyo aliweka kikapu chini. Alikivua kitambaa cha kichwa, akakikunja, akakikunja tena.

"Huko juu wanajeshi wamefurahi," akasema. "Wamemuua yule mkubwa wa Mau Mau, yule aliyekuwa fundi cherehani hapa hapa Bondeni. Walimkuta njia ya Olenguruone, yeye na watu wake. Wamemlaza sokoni, watu wapite wamtazame."

Hakumtazama Gachanja alipokuwa akisema. Dalmas aliacha kutafuna.

"Afadhali," mgeni akasema. "Labda sasa watatuondolea hii kafyu. Mtu hawezi hata kutembelea rafiki." Akamgeukia Gachanja. "Au vipi, Joash? Wewe unaonaje?"

Gachanja alikuwa na tonge mdomoni. Wote walikuwa wanamngoja, nyuso zao zina mafuta ya samaki na wema wa Jumapili.

"Afadhali," akasema.

Mazungumzo yakaendelea. Akeyo akamsogezea debe kwa mguu. "Joash, tafadhali, tuletee maji," akasema. Alitoka. Kwenye bomba kulikuwa na foleni ya wanawake, naye akapanga foleni, na wanawake wakamtania kwamba mwanaume anayechota maji anatafuta mke. Zamu yake ilipofika aliinama, akaacha maji yamwagike usoni mpaka mama aliyekuwa nyuma akaanza kulalamika. Kisha akajaza debe, akarudi, wageni bado wapo, na akakaa nao mpaka walipoaga.

Aliporudi stesheni kesho yake alielewa kwamba hakuwa na watu wa kuwaongoza tena. Wachache walionusurika msituni walitawanyika. Mama wa ng'ombe alihamishwa. Akeyo aliendelea kununua viazi, na sasa vilikuwa viazi tu. Hakuna aliyekuja kumwambia Gachanja kwamba kazi yake imekwisha, kwa sababu aliyebaki na mamlaka ya kusema hivyo alikuwa ni yeye.

Miaka ikapita hivyo, ikifanana. Alipandishwa cheo, akawa mtengenezaji wa mabenchi ya stesheni, na Wazungu wa reli wakamsifu kwamba kwa Mjaluo ana mkono mzuri wa mbao. Achola alimwita baba mdogo. Dalmas alimkaribisha katika kila furaha ya nyumba ile, na Gachanja alicheza, akala, akazika jamaa zao na kuwalilia kwa machozi ya kweli. Alipenda watu wale. Lakini jioni, wao wakizungumza haraka haraka mambo ya kwao, ufukweni mwa ziwa ambalo hakuwahi kuliona, alijisikia kama mtu anayesikiliza kupitia ukuta. Kikuyu hakukisema kwa yeyote. Kuna siku alitafuta neno dogo la kawaida, jina la kijiti cha kukorogea uji, halikuja, na alizunguka nalo wiki nzima kama mtu aliyepoteza ufunguo. Habari za Wachuka hakuwa nazo. Kuuliza kungekuwa ni kumwonyesha kwa askari.

Mwishoni mwa mwaka wa hamsini na tisa waliofungwa walikuwa wanarudi, na watu wakaanza kusema waziwazi kwamba hali ya hatari itaondolewa. Kisha Dalmas akaja na habari. Kang'ethe alikuwa mjini. Alikuwa amekonda, alisema, lakini sauti ni ile ile, na watu tayari walikuwa wanamwita mheshimiwa.

Gachanja alimkuta kwenye hoteli moja ya chai Bondeni, mezani pamoja na wanaume wanne waliotoka kizuizini. Alivua kofia ya reli. Akawaamkia kwa Kikuyu, na wote wakamtazama mdomo.

"Kang'ethe," akasema. "Ni mimi. Gachanja."

Kang'ethe alisimama. Kwa muda uso wake ulikuwa ule wa nyuma ya kibanda cha cherehani. Alimkumbatia, akamshika mabega, akamtazama tena. Machozi yalikuwa machoni pake. "Tuliambiwa ulikufa," akasema. "Kaa, kaa hapa."

Mtu mmoja mezani, mwenye kovu kutoka sikioni hadi kidevuni, hakusogea kumpa nafasi. "Ulikuwa kambi gani?" akauliza.

"Sikuwa kambini."

"Msitu gani, basi?"

"Nilikuwa hapa. Stesheni."

Wakatazamana. Swali hilo walikuwa wakiwauliza wote waliowakuta nje, na nje walikuwa wamewakuta homugadi, walinzi wa vijiji wa serikali, na wasaliti. Mwingine akasema kwa sauti ya chini lakini ya kusikika kwamba Mkikuyu aliyekaa miaka saba stesheni ya Nakuru, mbele ya askari, bila kuguswa, lazima alikuwa na rafiki mkubwa serikalini.

Gachanja alimgeukia Kang'ethe, kwa sababu Kang'ethe alikuwa anajua yote, na ilikuwa ni fikra yake. Kang'ethe alikuwa anakoroga chai. Watu hawa wanne ndio waliokuwa wamembeba siku alipopigwa mpaka akashindwa kutembea. Kesho ndio wangesimama naye jukwaani. Aliendelea kukoroga. Ukimya ukazidi, ukawa mrefu kuliko unavyoweza kusahihishwa, na Gachanja akavaa kofia yake na kutoka.

Kang'ethe alimfuata mpaka kona ya barabara, akihema. "Wape muda, ndugu yangu. Wameteseka. Nitazungumza nao, mmoja mmoja. Siwezi kuwapinga hadharani wiki ya kwanza."

"Ulikuwa na neno moja tu la kusema," Gachanja akamwambia.

"Najua."

"Ungesema hapo, wote wakisikia."

"Najua, Gachanja."

Aliagana naye bila hasira. Alipokuwa akitembea kuelekea kwa Dalmas alishangaa jinsi kifua chake kilivyokuwa kitupu. Miaka yote alikuwa amejiambia kwamba akimwona mmoja tu wa wale wawili, upweke ungekwisha.

Siku aliyoondoka Nakuru, Dalmas na Akeyo walimsindikiza stesheni. Achola alilia akimshika mkono. Akeyo alimfungia viazi vya kuchemsha kwenye kitambaa.

"Sasa nitakuita nani?" Dalmas akauliza.

"Wewe niite Joash. Ukiacha kuniita hivyo, huyo mtu atakuwa amekufa mara mbili."

Dalmas akacheka, akageuka upande, akajifuta uso kwa kofia.

Gachanja alishuka Maragua, kwenye rizavu, akapanda kwa miguu mpaka kijiji ambacho aliambiwa watu wa Njoro waliwekwa. Handaki lilikuwa bado limekizunguka, ingawa majani yalikuwa yameanza kuota ndani yake. Nyumba zilikuwa karibu karibu, zote sawa. Msichana mmoja mrefu alikuwa akipukuchua mahindi mlangoni. Alimtazama mgeni bila kumjua, akaita ndani, na Wachuka akatoka.

Nywele zake zilikuwa zimekatwa karibu na ngozi, kama za mjane. Hakulia wala hakupiga kelele. Alishika mwimo wa mlango, akasema, "Ingia, Baba Njoki," kana kwamba alitoka asubuhi ile.

Alimpa uji. Walikaa pande mbili za moto na hawakujua waanzie wapi. Alimweleza kwamba homugadi walimsumbua mpaka akaapa mbele ya kanisa zima kuwa mumewe alifia msituni, akanyoa, na tangu hapo wakamwacha. Njoki alikuwa na miaka tisa na alijua kwamba baba yake ni marehemu. Itachukua muda, Wachuka alisema. Gachanja aliitikia kwa kichwa. Alisikia kwamba alikuwa anajibu kwa maneno mafupi, kama mgeni wa heshima, na hakuweza kuacha.

"Mama bado yuko hai," Wachuka akasema. "Yuko kwa dada yetu mkubwa, ng'ambo ya mto. Kila mtu amemwambia lake kuhusu Nderitu. Mmoja anasema alikufa Nakuru, mwingine anasema alivuka kwenda Tanganyika. Wewe unajua?"

"Najua."

"Niambie."

Alifungua mdomo. Alianza kwa Kikuyu, akakwama. Akaanza tena. Mambo hayo yote, tangu cherehani hadi bomba la maji, aliyabeba kwa lugha ya stesheni. Kwa lugha ya mama yake hakuwahi kuyasema hata moyoni. Maneno yalimjia yamevunjika, na mkewe alikuwa anamtazama akihangaika nayo.

"Sema kwa Kiswahili," Wachuka akasema. "Nimeishi Njoro, nitasikia."

Basi akasema kwa Kiswahili. Alimwambia habari za Akeyo na kikapu chake, na mizaha ya Nderitu iliyofika Bondeni kwa sauti ya mwanamke wa Kijaluo. Wachuka akatabasamu kidogo hapo, maana aliutambua mmoja wa mizaha hiyo. Alimwambia habari za ukame na wanajeshi, na swali lililoletwa. Hakulizunguka jambo.

"Nani aliyemwambia aende Olenguruone?" Wachuka akauliza.

"Mimi. Nilidhani njia ni salama. Alinitii."

Alimwambia pia juu ya wageni wa Jumapili, na neno alilolisema mbele yao. Alipomaliza, moto ulikuwa umebaki makaa. Wachuka aliinuka, akatoka nje. Kupitia mlangoni Gachanja alimwona amesimama kwenye shamba dogo la viazi vitamu, mikono kichwani, hasogei. Njoki alimfuata akasimama kando yake. Gachanja hakuthubutu kwenda. Alibaki ameketi pale alipowekwa, akasikiliza kuku wakiingia nyumbani, na majirani wakiitana kwa lugha yake, kila neno likimfikia wazi.

Jua lilikuwa linakaribia kuzama Wachuka aliporudi. Macho yalikuwa yamevimba. Aliongeza kuni, akapuliza mpaka zikashika, akachukua sufuria ya maji na kuiweka.

"Kesho tutaamka mapema," akasema. "Njia ya mto ni mbaya, na mama hapendi wageni wa jioni. Tutakwenda kumwambia."

"Sote wawili?"

"Mimi nitamweleza kwa Kikuyu," akasema Wachuka. "Wewe utakaa karibu naye."